Mtoto Anayegeuka Rangi: Mwongozo Kamili wa Tetralojia ya Fallot kwa Watoto Wachanga

Kati ya magonjwa ya moyo ya kuzaliwa nayo yanayomfanya mtoto awe na midomo ya bluu, Tetralojia ya Fallot ndiyo hukutwa mara nyingi zaidi. Jina limetokana na Arthur Fallot, tabibu wa Marseille aliyeieleza mwaka 1888. Ugonjwa huu unatibika: katika vituo vizuri, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 wanaopasuliwa hutoka salama. Asipopasuliwa, mtoto mmoja kati ya wanne hivi hamalizi mwaka wake wa kwanza, na wengi wa waliobaki hawafiki miaka 10. Wengi hupotea kabla hawajamwona mpasuaji: kwa kuchelewa kutambuliwa, kwa kutibiwa nimonia isiyokuwepo, au katika shambulio moja la asubuhi ambalo wodi nzima haikujua lianze kushughulikiwa wapi.

Dozi zilizoandikwa hapa ni za daktari, tabibu na muuguzi. Mzazi atapata yake kwenye sehemu ya dalili, ya mkao wa magoti na ya matunzo ya nyumbani.

Kasoro nne, mzizi mmoja

Vitabu huorodhesha kasoro 4: tundu kubwa kwenye ukuta kati ya ventrikali mbili (vyumba vya chini vya moyo vinavyosukuma damu), njia nyembamba ya damu kwenda mapafuni, aota (ateri kuu ya mwili) iliyokalia tundu hilo badala ya kutoka kushoto pekee, na misuli iliyonenepa ya ventrikali ya kulia. Mzizi wake ni mmoja. Moyo ulipokuwa unajengwa tumboni, kile kipande cha ukuta kinachotenganisha njia mbili za kutokea damu kilisogea mbele na juu. Kwa kusogea huko kikabana njia ya mapafu, kikaacha pengo nyuma yake, na aota ikajikuta imekaa juu ya pengo. Misuli hunenepa kwa kazi ya kusukuma.

Kwa hiyo damu chafu iliyoko ventrikali ya kulia ina milango miwili: wa mapafu na wa mwili. Hupita ule ulio rahisi. Mlango wa mapafu ukiwa umebanwa kidogo tu, mtoto huwa na rangi nzuri kabisa. Ukibanwa sana, damu isiyo na oksijeni huingia aota na mtoto hubadilika. Tena mlango huo una sehemu ya msuli, nao hukaza na kulegea, kwa hiyo hali inaweza kugeuka ndani ya dakika chache. Na mlango wa mwili ukilegea, kwa homa, kuharisha au maji ya moto ya kuogea, damu hukimbilia huko. Karibu kila tiba utakayosoma hapa chini ama inalegeza mlango wa mapafu ama inabana mlango wa mwili. Ukishika hilo, hutahitaji kukariri.

Hatua ya 1: Kipimo cha oksijeni kabla mama hajaruhusiwa

Baada ya saa 24 tangu kuzaliwa, pima mkono wa kulia na mguu mmoja. Zote zikisoma 95% au zaidi na tofauti isizidi 3, mtoto amepita. Popote ikisoma chini ya 90%, mtoto haendi nyumbani. Aonwe na daktari saa hiyohiyo. Ikiwa 90 hadi 94, au tofauti inazidi 3, rudia baada ya saa moja; ikibaki vilevile, peleka kwenye eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Sehemu za miinuko kama Mbeya au Nairobi, watoto wazima nao husoma chini kidogo, kwa hiyo kurudia ni muhimu zaidi huko.

Makosa ya kawaida ni ya kifaa. Klipu ya mtu mzima kwenye kidole cha mchanga hudanganya. Tumia ile ya kuzungushia kiganja au unyayo. Pasha mguu joto, subiri mawimbi ya kwenye kioo yatulie, ndipo uandike. Kama kidole kimepakwa piko, hamia pengine. Na ujue kwamba oksimita, yaani kifaa hiki cha kupima oksijeni, husoma juu kidogo kwenye ngozi nyeusi, hasa namba zinaposhuka chini ya 90: mtoto anayesomeka 86 huenda yuko chini zaidi ya hapo.

Kipimo hiki hakikamati kila Fallot. Mwenye njia iliyobanwa kidogo hupita vizuri, kisha hubadilika akiwa na miezi 2 au 3 kadiri msuli unavyonenepa.

Hatua ya 2: Kumtazama na kumsikiliza

Usitafute bluu kwenye shavu la mtoto wa Kiafrika. Fungua mdomo, uangalie ulimi na fizi kwenye mwanga wa dirishani. Ulimi wa mtoto huyu unafanana na wa mtoto aliyetoka kula zambarau. Mama wengi hawasemi "bluu". Husema "anakuwa mweusi akilia" au "midomo inaiva". Liandike neno hilo kama lilivyo, ni dalili kamili.

Jihadhari na upungufu wa damu. Bluu huonekana tu kukiwa na gramu 3 hadi 5 za hemoglobini isiyo na oksijeni katika desilita ya damu. Mtoto mwenye hemoglobini ya 7 anaweza kuwa na oksijeni ya chini sana na midomo ikaonekana imepauka tu. Mpime kwa oksimita.

Ukiweka kifaa cha kusikilizia juu kushoto mwa mfupa wa kifua, utasikia mvumo mkali, na sauti ya pili ya moyo ni moja tu, haigawanyiki. Mvumo unatoka kwenye njia iliyobanwa, wala si kwenye tundu. Kwa hiyo mvumo ukipungua huku mtoto akizidi kuwa mweusi, damu haipiti tena mapafuni. Wapo wanaosikia ukimya huo wakaandika "anaendelea vizuri".

Uliza pia: ananyonya dakika ngapi kabla ya kuachia? Anatoka jasho kichwani? Baada ya miezi 6 hivi ncha za vidole huanza kuvimba kama virungu. Mkubwa anayetembea huchuchumaa katikati ya mchezo. Anajitibu mwenyewe, anabana mlango wa mwili.

Tazama uso, masikio na kaakaa. Karibu mtoto mmoja kati ya 6 wa Fallot amepungukiwa kipande cha kromosomu ya 22. Hao huwa na kalisi ndogo, ambayo huleta degedege, na kinga dhaifu. Pima kalisi kwa kila mmoja, na kwa mwenye dalili hizo omba damu iliyopigwa mionzi kama ataongezewa.

Hatua ya 3: Vipimo

Picha ya kifua huonyesha moyo wenye umbo la buti na mapafu meusi kuliko kawaida kwa sababu damu ni kidogo. Kama umeandikiwa "nimonia" na mapafu ni meusi namna hiyo, rudi kwa mgonjwa. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) huonyesha mhimili umeelekea kulia, na wimbi la T kwenye V1 lililosimama baada ya wiki ya kwanza ni ishara ya ventrikali ya kulia iliyoelemewa. Picha kamili ya damu ni lazima.

Eko ndiyo huamua. Ripoti inayosema tu "ni Fallot" haimsaidii mpasuaji. Anahitaji kujua: kubanwa kuko wapi, kwenye msuli, kwenye valvu, juu ya valvu, au kote, pete ya valvu ya mapafu ina milimita ngapi na alama yake ya Z (inavyotofautiana na wastani wa watoto wa ukubwa wake), ateri ya mapafu ya kulia na ya kushoto zina ukubwa gani na zimeungana, kuna tundu la pili kwenye msuli wa ukuta, mfereji wa ateri (mshipa wa tangu tumboni unaounganisha aota na ateri ya mapafu) uko wazi au umefunga. Aota inapinda kushoto au kulia? Karibu robo ya watoto hawa hupinda kulia, na hilo hubadilisha upande wa kufanyia shanti (njia ya bandia ya kupeleka damu mapafuni). Na ateri za moyo wenyewe: kwa mtoto mmoja kati ya 20 hivi, ateri ya mbele hutokea ile ya kulia na kukatiza mbele ya njia ya mapafu, palepale kisu kinapotaka kupita. Ateri za mapafu zisipoonekana vizuri, omba CT ya mishipa.

Hatua ya 4: Mchanga wa siku za mwanzo anayeishi kwa mfereji

Mtoto alikuwa sawa siku ya 1, siku ya 3 oksijeni inasoma 65% na mapafu ni masafi. Mfereji wa ateri unafunga, na ndio uliokuwa ukimpelekea damu mapafuni. Usisubiri eko. Anza prostaglandini E1, yaani alprostadili.

Hesabu rahisi: mikrogramu 30 kwa kila kilo ndani ya ml 50 za dekstrosi 5% au salaini, hapo ml 1 kwa saa ni mikrogramu 0.01 kwa kilo kwa dakika. Mtoto wa kilo 3 anahitaji mikrogramu 90. Ampuli yenye mikrogramu 500 kwa ml, vuta ml 0.18 kwa sindano ya ml 1. Anza na ml 5 kwa saa, unaweza kufika 10. Oksijeni ikipanda na kutulia, shuka polepole hadi ml 1 au 2. Lengo ni 75 hadi 85%. Usitafute 95%, huenda mapafu yakafurika.

Dawa hii husimamisha pumzi, hasa saa za mwanzo na kwa wenye chini ya kilo 2. Ambu (mfuko wa kumpulizia pumzi) iwe kitandani, si kabatini. Huleta pia homa na kushusha presha. Weka njia mbili za mshipa, maana dripu ikitoka saa 8 usiku mfereji hautamsubiri mtu.

Na kwa kila mtoto wa Fallot, wa umri wowote: toa mapovu yote ya hewa kwenye mpira wa dripu. Kwa mtu wa kawaida povu dogo huishia mapafuni. Kwa huyu hupita tunduni na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo.

Hatua ya 5: Shambulio la kugeuka bluu

Hapa ndipo mtoto hupotea au huokolewa. Mara nyingi huanza kati ya miezi 2 na 4, asubuhi baada ya kuamka, akilia, akinyonya au akijisaidia. Anapumua kwa nguvu na haraka bila kukoroma wala kubana mbavu, analia bila kubembelezeka, anazidi kuwa mweusi, kisha analegea. Akifika kutetemeka, nyumbani wanaweza kusema ni degedege na akapelekwa kusikohusika. Pumzi ya nguvu huvuta damu nyingi zaidi moyoni, hiyo damu hupita tunduni, asidi huongezeka, pumzi inazidi. Mzunguko huo haukatiki kwa oksijeni peke yake.

Mfano ni mtoto wa kilo 6:

1. Mpakate mapajani mwa mama, mgongo wake ukigusa kifua cha mama, magoti yabanwe hadi kifuani na yashikwe hapo. Hii inabana mishipa ya miguu na kusukuma damu mapafuni. Mzazi aanze hili nyumbani na aendelee nalo njiani. Mtoto akiwa begani, geuza mkono mmoja chini ya makalio, mwingine ukunje magoti.

2. Oksijeni kwa barakoa iliyoshikwa karibu. Akipigana nayo, iondoe. Kilio kinadhuru kuliko oksijeni inavyosaidia. Usimchome mara tano ukitafuta mshipa.

3. Mtulize. Morfini 0.1 mg kwa kilo chini ya ngozi: ampuli ya mg 10 ongeza salaini ifike ml 10, mpe ml 0.6. Au ketamini 1 hadi 2 mg kwa kilo kwenye msuli, nayo hupandisha presha, jambo tunalolitaka. Chagua moja. Ambu karibu.

4. Akishatulia weka kanula. Salaini ml 10 kwa kilo, yaani ml 60, ndani ya dakika 5 hadi 10. Rudia kama bado. Pima sukari, ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, dekstrosi 10% ml 5 kwa kilo.

5. Asidi: sodiamu baikaboneti ya 8.4% ml 1 kwa kilo, ichanganywe na maji ya sindano kiasi sawa, isukumwe polepole.

6. Bado ni mweusi? Bana mlango wa mwili kwa fenilefrini mikrogramu 5 hadi 10 kwa kilo. Ampuli ya mg 10 kwenye ml 100 za salaini hutoa mikrogramu 100 kwa ml. Mtoto wetu atapata ml 0.3 hadi 0.6. Au legeza msuli wa moyo kwa esimololi 0.5 mg kwa kilo kwa dakika moja, ukitazama mapigo.

7. Ikishindikana: nusu kaputi, mpira wa hewa kooni, dawa ya kulegeza misuli, na simu kwa mpasuaji. Huyo anahitaji shanti au upasuaji wa dharura.

Dalili ya kufaulu ni mvumo kurudi. Sikiliza kila dakika chache.

Usimpe adrenalini wala dijoksini. Hukaza msuli uleule unaobana. Usimpe furosemaidi, humkausha. Hizi tatu hutolewa kwa nia njema na mtu aliyeona neno "moyo" kwenye faili.

Aliyepata shambulio hata moja aanze propranololi ya kumeza 0.5 hadi 1 mg kwa kilo kila saa 6 hadi 8, na apewe rufaa ya haraka. Tembe ya mg 40 ikisagwa kwenye ml 40 za maji hutoa mg 1 kwa ml. Tikisa, vuta papo hapo, iliyobaki mwaga. Mtoto asiyenyonya asipewe, sukari itashuka.

Hatua ya 6: Kusubiri nyumbani

Adui wa kwanza ni kuharisha. ORS ianze choo cha kwanza cha maji, na akitapika kila kitu arudi hospitali siku hiyohiyo. Homa ishushwe kwa parasetamoli mg 15 kwa kilo. Asiogeshwe kwa maji ya moto.

Madini ya chuma hupuuzwa kwa kuwa damu "ni nyingi". Hemoglobini ya 12 kwa mtoto wa oksijeni 75% ni upungufu. Damu isiyo na chuma huganda kirahisi na kuleta kiharusi. Mpe mg 3 za chuma kwa kilo kwa siku, halafu pima tena. Chanjo ziendelee, isipokuwa kwa mwenye kasoro ya kromosomu 22 ambaye kinga yake haijapimwa. Kwake chanjo hai zisubiri.

Rufaa ianze siku ya kugundulika, bila kungoja aongezeke kilo. Tanzania ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Uganda ni Uganda Heart Institute, Kampala. Kenya zipo Kenyatta na Mater, Nairobi.

Hatua ya 7: Upasuaji

Asiye na dalili kali hufanyiwa marekebisho kamili kati ya miezi 3 na 6 mara nyingi. Mchanga aliyebanwa sana, au mwenye ateri ndogo, huweza kuanza na shanti: mpira wa Gore-Tex wa milimita 3.5 kwa mtoto wa kilo 3 au 4, kutoka ateri ya mkono hadi ateri ya mapafu. Wazo hili lilianza Johns Hopkins tarehe 29 Novemba 1944, kwa Alfred Blalock, Helen Taussig na Vivien Thomas. Baada yake aspirini 3 hadi 5 mg kwa kilo kwa siku. Kwa kilo 5, robo ya tembe ya mg 75. Mvumo wa shanti ukipotea na oksijeni ikashuka, imeziba: ni dharura ya dakika. Oksijeni ikipanda juu ya 90 na presha ya chini ikaporomoka, shanti ni kubwa na mapafu yanafurika.

Katika marekebisho kamili, mtoto huwekwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, moyo husimamishwa. Mpasuaji hupita kwenye atriamu (chumba cha juu cha moyo) ya kulia na ateri ya mapafu, hukata misuli inayobana, huziba tundu kwa kiraka. Ukingo wa chini na nyuma wa tundu ndipo zilipo nyaya za umeme wa moyo. Uzi ukizama hapo, umeme wa moyo unazuiwa. Kisha hupima pete ya valvu kwa vijiti vya ukubwa unaojulikana. Z ikiwa chini ya -2 au -3, hukata pete na kushona kiraka cha kuvuka valvu. Hapo damu hupita, ila valvu itavuja maisha yote. Siku hizi wapasuaji wengi hukubali kuacha ubano kidogo ili valvu isalie, na ni uamuzi wa busara. Ateri ya moyo ikikatiza mbele, huwekwa bomba la kuizunguka. Kabla ya kufunga kifua hupimwa presha: ya ventrikali ya kulia ikizidi 0.8 ya kushoto, kuna kilichobaki, na mtoto hurudishwa mashineni.

Hatua ya 8: Siku tatu za mwanzo

Ventrikali ya kulia ni nene, ngumu, na imetoka kukatwa. Inahitaji kujazwa, presha ya vena ya 10 hadi 15 ni ya kawaida kwake, usimkaushe. Milrinoni mikrogramu 0.25 hadi 0.75 kwa kilo kwa dakika husaidia.

Mapigo yakiruka hadi 180 au 200 na presha ikashuka, fikiria mapigo ya haraka yanayoanzia kwenye kiungo cha umeme. Punguza adrenalini na dopamini, mpoze mtoto hadi nyuzi 34 au 35, rekebisha magnesi na potasiamu, mwongezee usingizi, kisha amiodaroni 5 mg kwa kilo kwa saa moja. Umeme wa moyo ukizuiliwa, nyaya za muda za kuupigisha moyo zifanye kazi. Usiporudi ndani ya siku 7 hadi 10, anahitaji pesimeka (kifaa cha kupigisha moyo) ya kudumu.

Baada ya kurudi nyumbani

Eko baada ya mwezi 1, miezi 6, kisha kila mwaka. Kinachofuatiliwa ni valvu inayovuja: ventrikali ya kulia hupanuka polepole bila mtoto kulalamika, na miaka mingi baadaye wengi huhitaji valvu mpya. Upana wa QRS (wimbi la ventrikali kwenye ECG) ukifika milisekunde 180, hatari ya mapigo mabaya imepanda. Anacheza, anasoma, anakimbia. Hakuna sababu ya kumkalisha kivulini.

Meno yapigwe mswaki tangu la kwanza. Kabla ya kung'oa jino, kwa ambaye hajapasuliwa, kwa miezi 6 baada ya upasuaji, au kama kuna upenyo uliobaki kando ya kiraka: amoksilini mg 50 kwa kilo, dozi moja, dakika 30 hadi 60 kabla, kuzuia vijidudu vya mdomoni visishambulie moyo. Iandikwe kwenye kadi ya kliniki, ukurasa wa mbele, maana mng'oa meno hatafungua wa nne.